Nafasi ya Sauti ya Kwanza

Nyumbani kwetu Dagoretti, pembeni mwa mji, hatukuwa na saa ya ukutani, na hatukuihitaji. Kila jioni baba alirudi kutoka machinjioni, akajisugua mikono kwa sabuni ya mche mpaka viwikoni, akaketi kwenye kiti chake na kukohoa mara moja. Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya maombi. Na maombi kwetu yalikuwa kuimba, maneno mengine yote yalikuwa ya kusindikiza tu. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa. Machinjioni alikwenda kwa sababu ya tumbo, lakini kazi yake hasa ilikuwa kwaya, na hakuwa na mchezo nayo.

Sisi ni watu wa magharibi ya nchi, na huko kwetu watu hawaimbi wote sauti moja kama watoto wa chekechea. Kila mtu ana sauti yake. Mama alishika sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo wenyewe, ambayo mpita njia akiisikia anaondoka akiipiga mluzi. Mdogo wangu, msichana wa miaka minane hivi, alishika ya pili, inayokwenda chini kidogo ya ile ya kwanza. Baba aliimba ya nne, nzito kama gunia la mahindi. Ya tatu ni ya wanaume, lakini kwa kuwa nyumba yetu haikuwa na mvulana nilipewa mimi. Baba alisema sauti yangu ilikwaruza vya kutosha. Nimeishi na maneno hayo mpaka leo na bado nayakasirikia.

Sheria ilikuwa moja: huimbi sauti ya mwenzako. Hata ukiijua. Hata akiwa ana mafua. Baba alisema anayefanya hivyo ni sawa na mtu anayekaa kwenye kiti cha mwenzake, na sahani yake akaivuta.

Mama alikufa mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika ile hospitali kubwa ya mlimani, baada ya ugonjwa uliomla polepole tukiuona. Tulimpeleka nyumbani magharibi kwa lori, tukamzika karibu na migomba ya nyanya yetu, mama yake baba. Nasema tulimpeleka, lakini mdogo wangu hakwenda. Wazee walisema safari ni ndefu na baridi ya lori itamwua na huyu pia, kwa hiyo akaachwa kwa mama mwenye nyumba, mwenyeji wa hapo hapo Dagoretti, mwanamke mwema aliyempikia mukimo, viazi vya kuponda na mahindi, kila siku mpaka tuliporudi. Kuambiwa aliambiwa. Baba alimweka magotini akamwambia waziwazi kwamba mama amekufa na amezikwa, akaitikia kwa kichwa. Lakini kaburi hakuliona, wala udongo hakuutupa.

Jioni ya kwanza tuliporudi, baba akanawa, akaketi, akakohoa. Akautaja wimbo wa mama. Ulikuwa wimbo ambao mama alikuja nao alipoolewa, kwa lugha ya kwetu, na haukuandikwa kitabuni. Sauti ya kwanza inaanza peke yake, inauliza: nani yuko mlangoni? Kisha zile tatu zinajibu pamoja: ni sisi, tufungulie. Inauliza tena, zinajibu tena, beti tatu. Nilijiuliza baba atafanya nini. Aliinua mkono, akapiga mapigo hewani taratibu, kimya, kwa urefu ule ule wa swali la mama. Halafu akatuingiza: ni sisi, tufungulie.

Ikawa hivyo kila jioni. Swali kimya, jibu kwa sauti. Kimya kile kilikuwa kinaniuma kifuani, lakini nilikipenda pia, kwa sababu ndani yake nilimsikia mama vizuri kabisa, hata pale alipokuwa akivuta pumzi. Siku moja alikuja mama mmoja wa kwaya kutusalimu, akakaa nasi maombini. Tulipofika penye kimya akadhani tumekosa mwanzishaji, akaingia kwa sauti ya kwanza. Baba alimkatiza kwa mkono.

"Hapana, mama," alisema kwa upole. "Hapo pana mwenyewe."

Yule mama akaomba radhi, tukaendelea. Mdogo wangu alikuwa amekaa mkekani, anamtazama baba. Sikufikiri lolote wakati ule.

Tangu msiba, mtoto yule alikuwa amekauka. Alikuwa akizungumza kama mtu anayelipia kila neno. Alikwenda shule, akarudi, akaosha vikombe, akakaa mlangoni akiangalia njia. Kuimba tu ndiko kulikomfungua mdomo. Ndiyo maana mwalimu wake wa muziki, dada mmoja wa Kikuyu aliyekuwa na haraka katika kila kitu, alipokuja nyumbani jioni moja bila kubisha sana, mimi nilikuwa upande wake kabla hajamaliza kusema.

"Mzee, hii mtoto yako iko na sauti," alimwambia baba. "Kuna mashindano ya watoto wa dunia nzima huko Ulaya. Kila nchi inapeleka mtoto mmoja tu. Mmoja! Redio imetangaza. Mimi nataka kumpeleka."

Baba akamgeukia mdogo wangu. Alizoea kumwita kukhu, yaani nyanya, kwa kuwa alipewa jina la mama yake baba.

"Kukhu, unataka?"

Akasema, "Nataka." Lilikuwa neno la kwanza ambalo hakulivuta kwa kamba tangu tumzike mama.

Mchujo wa kwanza ulifanyika katika shule moja karibu na maduka ya Adams Arcade, wa pili mjini. Katika yote miwili watoto waliimba wimbo mmoja waliopangiwa, wa Kiswahili, huku wakipigiwa piano. Mdogo wangu aliupita wa kwanza. Jioni ile alikula sahani mbili za ugali na kunisimulia, kwa maneno yaliyofuatana kama maji ya mfereji, jinsi piano ilivyo na meno meusi na meupe na jinsi mzungu anayeipiga alivyovua viatu chini ya meza. Alicheka. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha. Tangu siku hiyo nilitaka achaguliwe kuliko nilivyotaka kitu chochote changu mwenyewe. Sikujali habari za ndege wala Ulaya. Nilitaka yule mtoto anayecheka abaki.

Akaupita na wa pili. Wakabaki watoto wachache wa siku ya mwisho, katika ukumbi mkubwa katikati ya mji, na hapo waamuzi wakaongeza jambo. Kila mtoto angeimba ule wimbo wa piano, kisha aimbe na wimbo wa kwao, bila piano, kwa sababu ng'ambo walitaka kusikia kitu cha Kiafrika. Mwalimu akamwuliza mdogo wangu ataimba upi.

"Wa mama," akasema.

"Huo mimi siujui," mwalimu akamwambia baba. "Mfanyishe mazoezi nyumbani. Mimi nitamalizana na huu mwingine."

Na mazoezi tukafanya! Nawaambia hakuna wimbo uliowahi kufanyiwa mazoezi kama ule. Kila jioni baba aliinua mkono, akapiga mapigo ya kimya, akatuingiza. Alimsahihisha mtoto namna ya kuvuta pumzi, namna ya kulishika neno la mwisho lisianguke. Mama mwenye nyumba alisimama dirishani akasema watoto wa magharibi Mungu amewapa koo mbili. Nami nilisikia wimbo mzima, umekamilika, haukosi kitu. Baba pia aliusikia umekamilika. Tulikuwa watu wazima wawili, ukinihesabu mimi, na hakuna aliyegundua kwamba wimbo wenyewe, ule anaoutambua mpita njia, ulikuwa haujaimbwa ndani ya nyumba ile tangu mama alipokufa. Sote tulikuwa tukimsikia kichwani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mdogo wangu alivaa sare ya shule na raba nyeupe alizozipaka chaki mpaka zikawa zinaacha vumbi. Tulipanda basi la Ngong Road, na tulipokaribia mlima wa hospitali aligeuza shingo kuitazama, kama alivyofanya kila tulipopita pale, mpaka ikapotea nyuma ya miti. Baba alikuwa na koti la kanisani. Mikono yake ilinuka sabuni.

Ukumbini tulikaa safu ya katikati, mimi kati ya baba na mwalimu. Waamuzi walikuwa watatu: yule mama wa Kizungu wa piano, bwana mmoja wa redio mwenye miwani, na mkubwa mmoja wa serikali mwenye shingo nene, ambaye ndiye aliyesimama kutoa sheria.

"Mzazi au mwalimu yeyote akimsaidia mtoto kutoka kwenye viti, hata kwa neno moja, huyo mtoto ametoka. Tumeelewana?"

Tukaitikia kwamba tumeelewana.

Alitangulia msichana mrefu kutoka shule ya wenye nazo, mwenye koti la shule lenye nembo mfukoni. Aliimba vizuri sana. Nilimchukia papo hapo, na hakuwa amenikosea lolote. Wakafuata wengine ambao siwakumbuki. Kisha akaitwa mdogo wangu, akapanda ngazi akiacha alama za chaki kwenye mbao.

Ule wimbo wa piano aliuimba namna ambayo sijui niieleze vipi. Mama wa Kizungu alipomaliza kupiga hakuondoa mikono kwenye piano. Bwana wa redio alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi na hakuandika, alikuwa anasikiliza tu kama watu wengine. Ukumbi ulipiga makofi kabla ya kuruhusiwa. Mwalimu alinibana mkono mpaka nikaumia, akaninong'oneza, "Yeye ndiye. Nakwambia, yeye ndiye."

"Haya," akasema mkubwa wa serikali, naye sasa alikuwa akitabasamu. "Tuimbie wa kwenu."

Mdogo wangu akainua kidevu. Akageuza uso kidogo kushoto, upande ambao mama alikuwa akikaa nyumbani. Akanyamaza.

Mimi sikushtuka. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimsikia mama akiuliza nani yuko mlangoni, nikamwona mtoto akivuta pumzi mahali pake hasa, kisha akajibu, peke yake, kwa sauti ya pili: ni sisi, tufungulie. Kidogo niitikie ya tatu. Halafu akanyamaza tena, na hapo mtu wa safu ya nyuma akakohoa, na kikohozi kile kikanizindua. Nikausikia ukumbi kama ulivyokuwa. Mtoto amesimama kimya mbele za watu, anaimba vipande vya chini vya wimbo ambao hakuna mtu pale aliyewahi kuusikia, anajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Nikamtazama baba. Alikuwa amefumba macho na mkono wake, juu ya goti, ulikuwa unapiga mapigo.

"Mtoto, umesahau?" akauliza mkubwa wa serikali. "Si neno. Anza tena."

"Sijasahau," akasema mdogo wangu.

"Basi anza."

Akainua kidevu. Akageukia kushoto. Akanyamaza. Baba akafumbua macho, na nikaona usoni pake kwamba naye ameamka. Watu walianza kunong'ona. Kuna mtoto alicheka, na mtu mzima mmoja pia, na huyo mtu mzima ningempata siku ile ningemng'ata. Mdogo wangu hakutikisika. Alikuwa anangoja kwa adabu, kama mtu aliyebisha hodi na anajua wenyewe wamo ndani. Bwana wa redio aliegemea mbele akamwambia taratibu, "Imba tu, mtoto mzuri. Imba kutoka mwanzo wa wimbo." Naye akaitikia kwa kichwa kumwonyesha kwamba amesikia, na kwamba asiwe na wasiwasi, na akaendelea kungoja.

Baba akasimama.

Mwalimu alisema, "Mzee, usi..." na hakumaliza. Baba, mtu wa sauti ya nne, aliyemkatiza mgeni kwa mkono ndani ya nyumba yake, alifungua kinywa akaimba sauti ya kwanza. Aliiimba chini, kwa koo la kiume, na ilikatika mahali fulani katikati akaiunga tena. Nani yuko mlangoni?

Ukumbi mzima uligeuka. Mdogo wangu naye akageuka, akamwangalia baba. Nilingoja ajibu. Wakati wake wa kujibu ulifika, ukapita. Alikuwa anamtazama tu, na uso wake ulifanya kitu ambacho nimewahi kukiona tena mara chache maishani, kwenye nyuso za watu wanaosimama kando ya shimo pale jembe la kwanza la udongo linapoangukia sanduku. Kisha akashuka ngazi mwenyewe, polepole, bila kuambiwa, akaja akasimama mbele yetu.

"Mzee, mtanisamehe," alisema mkubwa wa serikali, na sina shaka alikuwa amesikitika kweli. "Sheria ni sheria."

Alichaguliwa yule msichana mrefu mwenye koti. Alistahili. Baadaye tulimsikia kwenye redio ya mama mwenye nyumba akiimba kutoka huko Ulaya, na mama mwenye nyumba akaizima kabla hajamaliza, kwa ajili yetu, ingawa hakuna aliyemwomba.

Siku ile tulishuka basi Adams Arcade kabla ya kufika, kwa sababu baba hakuweza kukaa. Tukatembea. Mwalimu alikuwa ametuaga mjini akiwa na macho mekundu. Baba alitangulia, mikono nyuma, na mdogo wangu akamfuata karibu karibu, raba zake zimeshageuka rangi ya barabara. Hakuwa analia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, nikimlaumu baba moyoni kwa kila hatua. Kama angekaa kitako tu, nilijiambia, pengine mtoto angepewa nafasi ya tatu ya kuanza. Si alikuwa ameshinda tayari kwa ule wa piano!

Tulikuwa tumefika penye maduka ya mwisho mtoto alipoongea.

"Baba, mbona uliimba ya mama?"

Baba alisimama. "Ulikuwa umenyamaza, kukhu."

"Nilikuwa namngoja aanze."

"Mama yako?"

"Ee."

Baba akachuchumaa mbele yake, hapo hapo kando ya barabara, na koti lake la kanisani likagusa vumbi. "Kukhu. Mama alikufa. Nilikwambia."

"Uliniambia," akasema. "Lakini ulimwekea nafasi. Ulisema hapo pana mwenyewe."

Nami hasira yangu yote ikaniacha, nikabaki na kitu kibaya zaidi. Nilikumbuka jioni zote zile, mtoto amekaa mlangoni akiangalia njia. Sisi tulipokuwa tukimkumbuka mama kwa kimya kile, yeye alikuwa anamtunzia mahali pake mpaka arudi. Na kama mama angerudi siku moja, angetaka kurudi siku gani kuliko ile, mtoto wake anaimba mbele ya mji mzima?

"Sasa wewe umeimba," akasema mdogo wangu. "Kwa hivyo harudi."

Hakuwa anauliza. Baba akamshika mabega, akasema, "Harudi, kukhu," na hapo ndipo mtoto alipolia, kilio kikubwa cha msibani, kilichochelewa mwaka mzima. Wapita njia walisimama. Mama mmoja muuza ndizi aliweka kikapu chake chini akauliza, "Ni nani amewaacha?" Nikamwambia ni mama yetu. Akatupa pole kama watu waliofiwa asubuhi ile, na hakukosea.

Jioni baba alinawa mikono ingawa hakuwa amekwenda kazini. Akaketi. Alikohoa baada ya muda mrefu. Hakutaja wimbo wowote. Nadhani alikusudia tuombe kwa maneno tu tukalale. Lakini mdogo wangu, aliyekuwa amekaa mkekani na macho yamevimba, akainuka akaenda akakaa upande wa kushoto, mahali pa mama, akaanza.

Aliimba sauti ya kwanza. Aliiimba yote, hakuna noti aliyoikosa, na zile pumzi za mama alizivuta palepale mama alipozivuta. Nani yuko mlangoni? Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Aliijua tangu mwanzo. Aliijua alipokuwa amesimama jukwaani akichekwa, na kama angeiimba tu, siku ile, hakuna mtoto katika nchi nzima ambaye angemshinda.

Nikajibu mimi, na baadaye baba akaunga, ni sisi, tufungulie, ya tatu na ya nne, wote tuko chini, na katikati yetu na mtoto kukawa na pengo. Hakuna aliyekuwa ameshika sauti ya pili, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amehamia ya kwanza. Baba hakutuambia tuiache wazi. Lakini hakuna aliyeishika tena nyumbani kwetu.